Dubai saa tano, Nairobi saa nane: Hesabu ya safari isiyoandikwa kwenye tiketi

KIJANA wa mtaa wa Kipsongo mjini Kitale anapopata kazi katika nchi za Ghuba, hukabidhiwa tiketi yenye tarakimu chache: saa ya kuondoka Nairobi, saa ya kutua Dubai na uzani wa mizigo anayoruhusiwa kubeba. Miongoni mwa tarakimu hizo hakuna hata moja inayotaja mahali safari yake inapoanzia.

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi Dubai ni takriban kilomita 3,550. Ndege huzimaliza kwa muda wa saa tano hivi. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takriban kilomita 380 kwa barabara, na basi huzimaliza kwa saa saba au nane, mambo yakienda vyema.

Maana yake ni kwamba kipande cha safari ambacho ni kama moja kwa tisa ya kingine ndicho kinachomla msafiri muda mrefu zaidi. Akifika Nairobi akiwa amechoka, miguu imevimba na vumbi limemganda, bado hajaondoka nchini.

Hesabu hii si ya kuchekesha wasomaji. Ni kipimo cha namna ambavyo umbali hugawanywa nchini Kenya. Kwa muda mrefu mjadala wa usafiri wa anga katika kaunti za magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa umekuwa juu ya urefu wa njia za kurukia ndege na majina ya viwanja. Swali la msingi limekuwa likiachwa kando: ni saa ngapi hupita tangu mtu afunge mlango wa nyumba yake hadi afike aendako, na ni nani anayeweza kuzilipia?

<b>Mstari ulionyooka hauokoi muda mwingi</b>

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege haupimwi kwa kufuata barabara wala mipaka ya nchi. Hupimwa kwa mstari ulio mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia. Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, kwa sababu maili hiyo ni sawa na dakika moja ya digrii katika mzingo wa dunia. Digrii nzima, yenye dakika 60, ni takriban kilomita 111.

Kitale iko karibu digrii moja kaskazini mwa Ikweta. Nairobi iko digrii moja na theluthi kusini. Ukichanganya tofauti hiyo na ile ya mashariki na magharibi, utapata kwamba mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha ndege cha Kitale hadi uwanja wa Wilson jijini Nairobi ni takriban kilomita 327.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Barabara yenye kona zake zote, milima na mabonde ya Bonde la Ufa, huuzidi mstari huo kwa takriban kilomita 53 pekee. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hulipa deni hilo kwa dakika 40. Hivyo basi, wanaodhani kwamba ndege huwahi kwa sababu hukata kona wamekosea. Kona za barabara si mwizi mkubwa wa muda wa msafiri wa Kitale.

Mwizi wa kwanza ni mwendo. Ndege kubwa za abiria huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa zikiwa juu. Ndege za rafadha zenye viti 30 hadi 50, ambazo hutumika sana katika safari za humu nchini, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambayo huweza kutua kwenye viwanja vifupi vya mashambani, huenda kama kilomita 300. Hata hiyo ndogo huifikisha Wilson kutoka Kitale kwa saa moja na dakika chache.

Basi nalo limewekewa kikomo. Chini ya kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi Februari mwaka wa 2004 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, magari ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo ziliwekwa kuokoa maisha, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka ziondolewe.

Lakini ukigawanya kilomita 380 kwa 80, utapata saa nne na dakika 45. Kwa nini basi safari huchukua saa saba au nane?

Mwizi wa pili yuko hapo. Msafiri wa Kitale hutumia barabara kuu ile ile inayobeba malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kati ya Nakuru na Timboroa barabara hupanda hadi sehemu za juu kabisa za nyanda hizo, na lori moja lililosheheni shehena likipanda mlima kwa mwendo wa kobe huvuta nyuma yake msururu wa magari. Dereva mwenye subira hupoteza muda. Asiye na subira hupita pasipofaa, na wengine hawafiki.

Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana eneo la Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafariki. Serikali ilijibu kwa kupiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria kwa muda. Kwa mtu wa Kitale mwenye miadi Nairobi asubuhi, marufuku hiyo iliongeza siku nzima na gharama ya kulala, ijapokuwa barabara haikurefuka hata kwa hatua moja.

Mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwaka wa 2025, unalenga kipande hicho hicho. Ukikamilika jinsi ulivyopangwa, huenda ukapunguza umbali wa kweli kati ya Kitale na ulimwengu kuliko ndege yoyote mpya.

<b>Saa za ukutani na saa za safari</b>

Kuna jambo jingine linalowatatiza wasafiri wengi wa mara ya kwanza, nalo ni jinsi ya kusoma muda wenyewe.

Oktoba 28, 2018, shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, umbali wa kilomita zipatazo 11,850. Kwa ratiba iliyotangazwa wakati huo, ndege iliondoka JKIA saa tano na dakika 25 usiku na kutua New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi iliyofuata, kwa saa za huko.

Anayetazama saa ya ukutani peke yake atadhani safari hiyo ni ya muda wa saa saba. Sivyo. Majira ya baridi, New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Ukizijumlisha na zile saba, unapata saa 15 za kukaa kitini. Majira ya joto Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti hupungua hadi saa saba.

Safari ya kurudi ilitangazwa kuwa ya saa 14. Umbali ni ule ule, lakini juu angani, katika latitudo za kaskazini, huvuma upepo wenye kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokuja Afrika husukumwa nao, na inayokwenda Marekani hupambana nao. Ndiyo maana mashirika ya ndege hayatangazi umbali kwa msafiri. Hutangaza muda.

Kwa anayekwenda Ghuba tofauti ni ndogo: Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja tu. Mtego wake uko kwingine. Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huanza kuhesabu saa zake alfajiri. Tarakimu 06:00 kwenye tiketi ni saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita.

Mtego mkubwa zaidi ni wa tarehe. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, ndege haiondoki usiku wa tarehe 15 jinsi watu wanavyozungumza nyumbani. Huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa kuwa abiria wa safari za kimataifa hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla, mtu huyo anapaswa kuwa JKIA saa tatu na nusu usiku wa tarehe 14, na basi lake liwe limeondoka Kitale kabla ya saa tatu asubuhi ya siku hiyo. Akichelewa kwa sababu ya kusoma tarehe vibaya, hapotezi saa. Hupoteza tiketi nzima, na mara nyingi ni tiketi iliyonunuliwa kwa mkopo au kwa kuuzwa mali ya familia.

<b>Njia tatu za kutoka Kitale</b>

Msafiri wa Kitale anayekwenda JKIA ana njia tatu za kuchagua, angalau kwenye karatasi.

Ya kwanza ni basi la moja kwa moja. Weka saa nane za barabarani, saa moja ya kuvuka jiji hadi uwanjani na saa tatu za kungoja. Hizo ni 12 kabla ya ndege kung'oa nanga. Ukiongeza saa tano za angani na saa moja ya kupanga foleni Dubai, safari nzima ni ya saa 18. Sehemu ya ndege haifiki theluthi yake.

Ya pili ni kupitia Eldoret. Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret uko kusini mwa mji huo, takriban kilomita 70 kutoka Kitale kwa mstari ulionyooka na zaidi kidogo ya hapo kwa barabara. Matatu ya kwanza humfikisha msafiri mjini Eldoret, na inambidi apande gari jingine kwenda uwanjani. Weka saa mbili. Ongeza saa moja ya ukaguzi na dakika zisizofika 60 za kuruka hadi Nairobi, kwani mstari wa hapo ni takriban kilomita 268. Jumla ni saa nne hivi, nusu ya muda wa basi.

Ya tatu ni kuruka kutoka Kitale kwenyewe. Kiwanja kipo, mwendo mfupi kutoka mjini. Tatizo ni kwamba ratiba za safari za abiria huko zimekuwa zikija na kutoweka. Kampuni ya Fly540, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, iliwahi kuiweka Kitale katika orodha ya vituo vyake.

Kwa nini ni vigumu kudumisha safari kama hiyo? Ndege hutumia mafuta mengi zaidi inapopaa kuliko inapokuwa imetulia juu. Katika safari ndefu, gharama ya kupaa hugawanywa kwa maelfu ya kilomita. Katika safari ya kilomita 327, ndege humaliza kupaa na muda si muda huanza kuteremka. Ada za kutua na mishahara ya wahudumu ni ile ile. Ndiposa kila kilomita ya safari fupi huwa ghali kuliko ya safari ndefu, na viti visipojaa shirika huondoka.

Isitoshe, Kitale iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege, na injini nayo hupoteza sehemu ya uwezo wake. Ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia kabla ya kupaa, la sivyo ipunguze abiria au mizigo. Mchana jua linapochoma, hali huzidi kuwa ngumu. Kwa hivyo njia ya kurukia ndege ambayo ingetosha kabisa pwani, huwa fupi Trans Nzoia.

Nauli ya ndege, iwe ya Kitale au ya Eldoret, ni mara kadhaa ya nauli ya basi. Kwa mfanyabiashara au afisa wa serikali anayelipiwa, saa nne anazookoa zina thamani kuliko tofauti hiyo. Kwa mkazi wa Kipsongo anayeishi kwa vibarua vya kutwa, ile nauli ni kazi ya siku nyingi. Yeye hulipa kwa muda, kwa kuwa muda ndicho kitu pekee alicho nacho kwa wingi.

<b>Lodwar iliyo karibu na iliyo mbali</b>

Hata hivyo, umbali unaowagusa watu wa Kipsongo zaidi si wa Dubai wala New York. Ni wa Lodwar.

Familia nyingi za mtaa huo zina asili ya Turkana. Zilisukumwa kusini kwa vipindi mbalimbali na ukame uliomaliza mifugo na uvamizi wa wezi wa ng'ombe. Ukame wa mwaka wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huukumbuka kwa jina la Lopiar, ulikuwa mmoja wa ile mikali kabisa. Jamaa walibaki huko, makaburi yako huko, na matanga na harusi huwaita huko.

Kati ya kiwanja cha Kitale na cha Lodwar, mstari ulionyooka ni takriban kilomita 248. Ndege ndogo ingeumaliza kwa muda usiofika saa moja. Lakini anayetaka kwenda kwa ndege kutoka Kitale kupitia Nairobi huruka kilomita 327 kusini-mashariki, kisha takriban 509 kurudi kaskazini. Jumla ni kilomita 836, zaidi ya mara tatu ya umbali halisi. Akipitia Eldoret, hurudi nyuma kilomita 70 kwa matatu kabla ya kuruka nyingine 300 na ushei kuelekea kule kule alikokuwa ameupa mgongo.

Huo ndio mpango wa usafiri wa anga nchini: kama magurudumu ya baiskeli, njiti zote huelekea kitovuni. Mtu wa ukingoni anayetaka kwenda ukingo wa jirani sharti apite katikati. Reli iliyofika Kitale miaka ya 1920 ilijengwa kwa mantiki hiyo hiyo. Ilibeba mahindi kupeleka kwenye njia kuu. Haikukusudiwa kuwaunganisha majirani.

Kilichobaki ni barabara ya Kitale hadi Lodwar, takriban kilomita 300 kupitia Kapenguria, Ortum, mwanya wa Marich na Kainuk. Iliwekwa lami kwa msaada wa serikali ya Norway, nchi ambayo Kenya ilikatiza uhusiano wa kibalozi nayo mwaka wa 1990. Kwa miaka mingi iliyofuata lami hiyo iliachwa ikaliwa na jua na maji hadi madereva wakaona heri kupita kando yake, juu ya mchanga.

Mwaka wa 2018 nchi nzima ilijifunza jambo ambalo wakazi wa Kipsongo walilijua tangu zamani. Mafuta yaliyogunduliwa na kampuni ya Tullow katika kisima cha Ngamia 1 mwaka wa 2012 yalianza kusafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa mwezi Juni. Ilibainika kwamba utajiri unaweza kuwa chini ya ardhi na bado ukawa mbali, kwa sababu kipande cha barabara kati ya Lokichar na Kitale kilikuwa kigumu kuliko mamia ya kilomita yaliyofuata hadi baharini. Ukarabati ulipewa msukumo mpya. Mafuta yalipohitaji kupita, njia ilitafutwa.

Kisha usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko ya ardhi yalizika vijiji kadhaa vya Pokot Magharibi na makumi ya watu wakapoteza maisha. Mafuriko yalisomba madaraja kwenye barabara hiyo na magari yakakwama pande zote mbili. Waokoaji walilazimika kutegemea helikopta. Kwa siku hizo, Kitale na Lodwar zilikuwa mbali kuliko Nairobi na New York, kwani New York ilikuwa na njia.

<b>Funzo la Eldoret na Lokichogio</b>

Mara nyingi wanasiasa hujibu malalamiko haya kwa ahadi moja: uwanja mkubwa wa ndege. Eneo hili lina mifano miwili ya kupimia ahadi hiyo.

Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa mwaka wa 1997 chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, ukiwa na njia ya kurukia ya takriban kilomita 3.5. Wafadhili waliukosoa vikali wakisema haukuhitajika. Wakosoaji hao hawakuwa sahihi kabisa, kwa sababu safari za abiria kwenda Nairobi zimeshamiri na ndege za mizigo kutoka ng'ambo hutua huko. Wala watetezi wake hawakuwa sahihi kabisa. Hadhi yake ya kimataifa imejengwa na shehena zinazoingia kuliko mazao yanayotoka au abiria wanaovuka mipaka.

Sababu si siri. Mahindi, ambayo ndiyo roho ya Trans Nzoia, hayapandi ndege. Gunia la kilo 90 haliwezi kubeba nauli ya anga likabaki na faida. Maua ya waridi yanayokuzwa karibu na Mlima Elgon huweza kuilipa, lakini nayo hubebwa kwa malori hadi JKIA, kwa kuwa huko ndiko kuliko na wanunuzi wa nafasi, vyumba vya baridi na ndege nyingi za kwenda Ulaya kila siku. Uwanja pekee hauleti ndege. Ndege hufuata mizigo, na mizigo hufuata ndege, na kuvunja mzunguko huo si kazi ya saruji.

Mfano wa pili ni Lokichogio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Tangu mwaka wa 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha mpango wa kupeleka misaada Sudan, kiwanja hicho cha jangwani kiligeuka kuwa miongoni mwa vile vyenye shughuli nyingi kabisa nchini. Malori ya chakula yalipita Kitale usiku na mchana, na ndege za Hercules zikakiangusha upande wa pili wa mpaka.

Mkataba wa amani ya Sudan ulitiwa saini Nairobi Januari 9, 2005. Mashirika yalihamia Juba na shughuli za Lokichogio zikanywea. Njia ya kurukia ilibaki, lakini sababu ya kuitumia ilikuwa imeondoka. Kwa miaka zaidi ya 15 ndege zilikuwa zikiruka juu ya vichwa vya Waturkana zikipeleka vyakula mbali, ilhali mama wa Turkana aliyetaka kumwona mwanawe Kitale alipanda juu ya lori.

Funzo si kwamba viwanja vya ndege havifai. Ni kwamba kiwanja hufupisha umbali wa yule ambaye kilijengwa kwa ajili yake.

<b>Kufupisha bila kuruka</b>

Je, Kitale ipanuliwe? Hoja za wanaotaka hivyo zina uzito. Kaunti ina wakulima wakubwa, taasisi za elimu na biashara inayovuka mpaka kwenda Uganda kupitia Suam. Lakini Eldoret iko umbali wa saa mbili au pungufu, na soko moja la abiria likigawanywa kati ya viwanja viwili vilivyo karibu hivyo, huenda vyote viwili vikapata ndege chache na nauli za juu.

Kazi iliyo wazi zaidi kwa kiwanja kidogo ni ile isiyohitaji ratiba: kuokoa maisha. Huduma ya madaktari wa ndege ya Amref, ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1957 na ambayo ndege zake hukaa Wilson, imekuwa ikitua kwenye viwanja vya vumbi kote Afrika Mashariki. Mgonjwa mahututi hahitaji jengo la vioo. Anahitaji njia iliyofyekwa, taa zinazowaka, ua wa kuzuia mifugo, na ambulansi inayongoja.

Aidha, njia nyingine ya kufupisha umbali ni kumwondolea mtu haja ya kusafiri. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana ilipofunguliwa mjini Kitale, ilitoa nafasi ya kufuta kilomita 70 za kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret kwa wagonjwa watakaohudumiwa hapo ipasavyo. Hakuna ndege iliyoruka, lakini umbali ulipungua.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaokwenda Ghuba. Kabla ya safari moja ya saa tano, mtu huitwa kwa pasipoti, uchunguzi wa afya, mafunzo na mahojiano. Ofisi ya pasipoti ya Eldoret imepunguza baadhi ya safari hizo, ila mengi bado hufanyika Nairobi. Safari mbili tu za kwenda na kurudi ni kilomita 1,520 za barabarani, na usiku kadhaa wa kulala kwa jamaa au kwenye benchi. Huduma hizo zikifanyika Kitale kwa siku maalumu, angeokoa muda zaidi ya ule ambao ndege ya Kitale hadi Nairobi ingemwokolea, na bila kulipa nauli ya anga.

Hata Eldoret ingesogea karibu kwa jambo dogo: matatu zinazoondoka Kitale kwa saa zinazolingana na ratiba ya ndege na kufika hadi mlangoni mwa uwanja, badala ya kumshusha abiria mjini atafute gari jingine. Hilo halihitaji mkopo wa nje. Linahitaji afisa wa kaunti, chama cha wenye matatu na ratiba mbili mezani.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege hupima mafanikio kwa idadi ya abiria na tani za mizigo. Wizara ya Barabara hupima kwa kilomita za lami. Vipimo hivyo vina kazi yake, lakini hakuna kinachomhesabu mtu tangu anapotoka kwake hadi anapofika. Serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia na ile ya kitaifa zingeweza kukubaliana juu ya kipimo kimoja chepesi: saa ngapi, na shilingi ngapi, kutoka Kipsongo hadi hospitali ya rufaa, hadi Lodwar, na hadi mlango wa JKIA. Tarakimu hizo tatu zikichapishwa kila mwaka, mwananchi hatahitaji kuwa mtaalamu wa anga ili ajue kama mabilioni yanayotumika kwa jina lake yanamsogeza.

Mpaka hapo, kilomita 3,550 zitaendelea kuwa fupi kuliko 380, na 248 kuwa ndefu kuliko zote.